Mtu wa kukagua mizani yako, nani amchague?

Wakenya wengi huku North Carolina tukipiga kura tunajaza rais, gavana, seneta, halafu tukifika chini ya karatasi tunaanza kuruka majina. Naelewa, karatasi ni ndefu na foleni nayo iko nyuma yako. Lakini kuna kiti kimoja huko chini kinaitwa kamishna wa kilimo na mimi huwa naumia nikisikia mtu amekiruka, manake hata watu wenye wamekaa huku miaka mingi wanadhani hayo ni mambo ya wazee wenye matrekta huko mashambani, sisi wa Raleigh na Charlotte yanatuhusu nini. Yanatuhusu kila siku, tena sisi wanunuzi wa mjini pengine yanatuhusu kuliko hao wenye matrekta.

Chukua petroli. Ukiweka galoni 10 kwa gari unajuaje ni 10 kweli? Wewe huna kipimo, unaangalia namba zinakimbia kwa pampu na unaamini. Mwenye anakuja na chombo chake cha kupimia, anamimina, anasoma, anaangalia kama kuna wezi wameficha kifaa cha kuiba namba za kadi ndani ya ile pampu, anachukua sampuli ya mafuta ipelekwe maabara, halafu akiridhika ndio anabandika stika, huyo ni mfanyakazi wa idara ya kilimo. Mizani ya nyama kwa supamaketi, ni hao hao. Na hii yenye watu wengi hawajui: wale wakaguzi wanaingia dukani, wanachukua bidhaa na kulinganisha bei ya kwa rafu na bei yenye skana inasoma pale unapolipa, na wakiona kasoro wanarudi kufanya ukaguzi mkubwa wa bidhaa 300, na kama duka limewazidishia watu bei kwa zaidi ya asilimia 2 ya hizo bidhaa linahesabiwa limeanguka na linapigwa faini, kisha jina la duka linatangazwa hadharani, halafu wanarudi tena mpaka lirekebishe. Maduka makubwa ya majina yanatajwa kwa hizo ripoti. Wengine wetu hatusomi risiti kabisa, tunaibiwa dola moja hapa dola mbili pale, na kuna mtu analipwa mshahara wa serikali ya jimbo kutusomea.

Dada zetu wenye wanaoka keki na mikate nyumbani wakiuza kwa harusi na kwa kanisa, jikoni lao pia linakaguliwa na idara hiyo hiyo kabla waruhusiwe kuuza, na masharti ni makali, kwa mfano mnyama wa nyumbani haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba wakati wowote, hata kama ni kulala tu usiku. Kuna watu wamechagua kati ya paka na biashara. Mbuzi wetu pia. Wale tunaoendea mbuzi wa Disemba kwa mkulima, ukileta mbuzi wako uchinjiwe machinjioni unarudishiwa nyama imepigwa muhuri kwamba si ya kuuzwa, na haufai kabisa kuiuza kwa mtu, manake nyama ya kuuza ni lazima mkaguzi aione. Huo ukaguzi wa nyama uko chini ya kamishna. Misitu iko chini yake tangu 2011, kwa hivyo moto ukiwaka kule milimani wale wazima moto wa msituni ni watu wake. Na kimbunga Florence 2018 kiliua kuku na bata mzinga karibu milioni 3.4 na nguruwe kama 5,500 kwa hesabu ya mwanzo ya idara yenyewe, hebu fikiria mizoga hiyo yote kwa maji ya mafuriko, nani ahakikishe haifiki kwa visima vya watu? Ofisi yake, pamoja na daktari mkuu wa mifugo wa jimbo ambaye naye yuko huko ndani.

Kitu kimoja hafanyi ni kushauri mkulima namna ya kupanda. Hiyo kazi huku ni ya vyuo vikuu, NC State na NC A&T, tangu sheria ya 1914 iliyoweka maafisa wa ugani kwenye kaunti kupitia vyuo. Kwa hivyo afisa mwenye anakuja kukuonyesha ugonjwa wa nyanya zako si yule mwenye anaweza kukupiga faini, na mimi naona huo mgawanyo ni wa akili sana, manake mkulima atamwambia ukweli mtu ambaye hana kitabu cha faini mfukoni. Nyumbani afisa wa kilimo wa wadi tunamtaka awe mshauri, mgawaji wa mbolea ya ruzuku, mwandikishaji wa wakulima na wakati mwingine mpigia debe wa gavana, halafu tunashangaa wakulima hawamuamini.

Sasa kwa nini hii ofisi ilianzishwa? Hapa ndio mimi nilishikwa na hii stori mpaka nikaanza kusoma usiku.

Ilianza 1877 na moja ya sababu zake kubwa ilikuwa mbolea feki. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe mashamba ya kusini yalikuwa yamechoka, wakulima wakaanza kutegemea mbolea ya kununua kwa magunia, na wafanyabiashara wakajua mkulima hawezi kufungua gunia akasema hii ina fosfeti kiasi gani. Wengine wakawa wanauza vitu havina nguvu yoyote. Mkulima ananunua kwa mkopo, anapanda, mazao yanakataa, deni linabaki. Ndio jimbo likaweka idara, likaweka na kituo cha kupima mbolea, na likatoza kila aina ya mbolea dola 500 ndio iruhusiwe sokoni, pesa nyingi sana wakati huo. Kamishna wa kwanza alikuwa Leonidas Polk, mkulima na mtu wa magazeti, ambaye baadaye alikuja kuongoza muungano mkubwa wa wakulima wa Marekani nzima. Polk hakuchaguliwa na wananchi, aliwekwa na bodi ya kilimo. Kura ya wananchi kwa hicho kiti ilikuja mwaka 1900.

Nikisoma hiyo nilikuwa nawaza mama yangu Trans Nzoia. Manake 2024 sisi tulikuwa na stori hiyo hiyo, karne na nusu baadaye. Mbolea ya ruzuku ya serikali, mvua imeshaanza, mahindi yanangoja, na habari zinatoka kwamba kuna magunia yenye ndani si mbolea. Wakulima walikuwa wamepanga foleni kwa hayo magunia, wamelipa, wengine tayari wameshaweka shambani, na mbegu ikishaingia na kitu kibovu huwezi kurudisha msimu. Bunge likapiga kura ya kumwondoa waziri wa kilimo wakati huo, Mithika Linturi, wabunge 149 wakasema aende, halafu mwezi huo huo wa Mei kamati teule ikakaa ikasema mashtaka hayakuthibitika, akabaki. Alikuja kutoka Julai wakati rais alivunja baraza karibu lote kwa sababu ya maandamano ya vijana, si kwa sababu ya mbolea. Mimi sisemi alikuwa na hatia, kamati ilisema yake na hiyo ndio rekodi. Ninachosema ni kwamba mkulima mwenye gunia lile hakuwa na mahali popote pa kuweka neno lake katika hiyo safari yote, si mwanzo waziri akiteuliwa, si katikati, si mwisho. Alikuwa anaangalia kwa tivii kama mimi.

Kwa hivyo swali langu ni hili la nani amchague huyu mtu, na Marekani hawajakubaliana. Majimbo 12 tu ndio wananchi wanapiga kura moja kwa moja: North Carolina, South Carolina, Georgia, Florida, Alabama, Mississippi, Louisiana, Texas, Kentucky, West Virginia, Iowa na North Dakota. Ukiangalia ramani ni kusini zaidi. Majimbo mengi yaliyobaki gavana ndiye anateua, kama California kule ambako kilimo kinaingiza pesa nyingi kuliko jimbo lingine lolote na bado mkuu wa kilimo anawekwa na gavana. Kazi pia hazifanani. Florida kamishna wa kilimo ndiye anatoa leseni ya kubeba bastola iliyofichwa. Texas ndiye anasimamia chakula cha mchana cha watoto shuleni, na 2015 Sid Miller alipoingia aliondoa marufuku ya jimbo ya mashine za kukaangia chipsi shuleni, yaani mtoto wa Mkenya pale Dallas lishe yake ya mchana iliguswa na mtu ambaye mzazi wake pengine alimruka kwa karatasi ya kura.

Kuna njia ya tatu ambayo ilikuwa Kansas na hiyo ndio ilinifungua macho. Kule kwa miaka mingi bodi ya kilimo ya jimbo ilikuwa inachaguliwa na wajumbe wa vyama vya wakulima peke yao, wanakutana mkutano wao wa mwaka, wanapiga kura wenyewe, halafu hiyo bodi inachagua katibu wa kilimo. Ukisikia mara ya kwanza unaona ni sawa, si kilimo ni cha wakulima? Lakini hiyo bodi ilikuwa na mamlaka ya serikali juu ya kila mtu: mizani na vipimo, ukaguzi wa nyama na maziwa, dawa za kuua wadudu, haki za maji. Wananchi wakaenda kortini wakasema hatuwezi kutawaliwa na watu ambao hatuna kura juu yao. 1993 jaji wa shirikisho akakubaliana nao, 1994 korti ya rufaa nayo ikasema hivyo hivyo, kwamba ofisi yenye nguvu juu ya watu wote haiwezi kuchaguliwa na kundi moja tu. Katibu wa wakati huo na jina lake liko kwa kesi ni Sam Brownback, huyo ambaye baadaye alikuwa seneta na gavana. Baada ya hapo bunge la Kansas likaamua gavana awe anateua.

Mimi nakubaliana na ile korti moja kwa moja. Mwenye anakula nyama ana haki kwa mkaguzi wa nyama sawa na mwenye anafuga ng'ombe. Nikisikia watu nyumbani wanasema waziri wa kilimo wa kaunti achaguliwe na vyama vya ushirika vya wakulima huwa nawaelewa uchungu wao lakini nawaambia hapana, mama mboga ananunua kwa mizani, mtoto wa Mathare anakula unga, wao pia wana neno hapa, tena wale wakubwa wa ushirika wengine ndio wale wale wanaonunua mazao ya mkulima.

Mimi basi niko upande wa kura ya wananchi wote. Lakini sitaki kuwadanganya kwamba kura inatibu kila kitu, North Carolina hii hii ina mfano mchungu. Mwaka 2000 alichaguliwa Meg Scott Phipps, familia ya siasa na kilimo kabisa, babu yake Kerr Scott alikuwa kamishna wa kilimo halafu gavana, baba yake pia gavana. Idara ya kilimo hapa ndio inaendesha yale maonyesho makubwa ya jimbo kila Oktoba pale Raleigh, na kandarasi ya michezo na bembea pale ni pesa nzito. Ikaja kugundulika pesa za kampeni zilikuwa zinatoka kwa watu wa biashara hizo kinyume na sheria. Alijiuzulu 2003 na 2004 akahukumiwa miaka 4 jela. Kentucky nao walikuwa na Richie Farmer, nyota wa mpira wa kikapu wa chuo, watu walimpenda kwelikweli wakampa mihula miwili ya kamishna wa kilimo, akaishia kukiri makosa ya kutumia vibaya mali ya jimbo na kufungwa miezi 27. Jina kubwa lilimwingiza ofisini na hakuna mtu aliuliza anajua nini kuhusu ukaguzi.

Na hapa shida iko wazi. Mtu wa kawaida hachangi pesa kwa kampeni ya kamishna wa kilimo, nani ana hiyo habari? Wenye wanachanga ni wale wenye wanakaguliwa: wenye nguruwe, wenye tumbaku, wenye mbolea, wenye vituo vya mafuta. Hapo ndio kuruka jina kwa karatasi kunaacha pengo, manake wale wengine hawaruki. Katiba ya North Carolina inataka mwanasheria mkuu awe wakili, lakini kamishna wa kilimo inatosha awe mpiga kura mwenye umri wa miaka 21, kwa hivyo ni sisi wapiga kura ndio mchujo wa pekee, hakuna mwingine.

Na kama unadhani kura yako moja haiwezi kubadilisha kitu kwa kiti kidogo hivyo, rudi 2004. Phipps ameondoka, gavana ameweka Britt Cobb ashikilie, uchaguzi unafika na mpinzani wake ni Steve Troxler, mkulima wa tumbaku wa kaunti ya Guilford ambaye alishindwa na Phipps 2000. Troxler akawa mbele kwa kura 2,287 katika jimbo lenye mamilioni ya wapiga kura. Shida ni kwamba kaunti ya Carteret huko pwani mashine ya elektroniki ilijaa na kupoteza kura 4,438 za watu waliopiga mapema, zikapotea kabisa, hakuna karatasi, hakuna kitu cha kuhesabu. Kura zilizopotea ni nyingi kuliko tofauti! Wakavutana kortini na kwa tume mpaka Februari 2005 Cobb alipokubali kushindwa. Mwaka huo huo jimbo likapitisha sheria kwamba kila kura iwe na karatasi. Yaani ile karatasi tunajaza leo kwa kalamu hapa North Carolina, sababu yake moja kubwa ni kiti cha kamishna wa kilimo. Troxler mwenyewe yuko ofisini tangu wakati huo, alishinda tena 2024 dhidi ya Sarah Taber, mtaalamu wa mazao, na huo ulikuwa mjadala mzuri kwa mwenye alifuatilia.

Miaka zaidi ya 20 ofisini ni mingi, nasema ukweli wangu. West Virginia Gus Douglass alikaa 44 kwa jumla, Georgia Tommy Irvin 42. Watetezi wanasema uzoefu, na kweli wakati wa kimbunga unataka mtu mwenye anajua kila daraja na kila shamba. Lakini mimi ningependa kuwe na kikomo cha mihula kwa ofisi yenye inakagua watu wenye pesa, na wale wakaguzi wa chini waajiriwe kwa mitihani na ujuzi, walindwe, wasifutwe kwa sababu wamefungia pampu ya mtu aliyechangia kampeni. Hiyo ya wakaguzi kwangu ni muhimu hata kuliko ya kamishna. Kamishna hajawahi kuja kumimina petroli mwenyewe.

Turudi nyumbani kidogo. Tangu 2013 kilimo ni kazi ya kaunti, katiba imeandika wazi, na waziri wa kilimo wa kaunti anateuliwa na gavana halafu bunge la kaunti linamhoji na kumpitisha. Kwa makaratasi sisi tuko juu ya North Carolina, sheria yetu ya serikali za kaunti ya 2012 inataka awe na digrii na uzoefu wa miaka 5 kwa fani yake. Lakini gavana anaweza kumfuta leo jioni, na kule kuhojiwa mara nyingi ni nusu saa ya kusoma wasifu na kuulizwa mali yake ni kiasi gani. Gavana akigawa viti anaangalia ukoo, wadi, na nani alisaidia kampeni, na wizara ya kilimo inakuwa zawadi kama nyingine tu. Ukiuliza kwa soko la Kitale waziri wa kilimo wa kaunti anaitwa nani, wachache watakutajia.

Sidhani tuongeze kiti kingine cha kupigiwa kura Kenya, karatasi zetu tayari ni 6 na gharama yake tunaijua. Kitu kinawezekana bila kubadilisha katiba ni hivi: wanaogombea ugavana 2027 watuambie kabla ya kura ni nani watampa kilimo, jina, na huyo mtu aje kwa mkutano wa wakulima na wa wanunuzi pia, aulizwe mbolea itapimwa na nani, wapi, na matokeo yatabandikwa wapi kabla gunia liuzwe. Na bunge la kaunti likimhoji, lifanye siku nzima, kwa ukumbi wa wazi, sokoni ikiwezekana, si kwa chumba kidogo makao makuu.

Na nyinyi wa huku, kiti kinarudi kwa karatasi 2028. Kabla ya hapo mkiona bei imezidi kwa skana, au pampu inahesabu vibaya, au haina stika, pigeni simu kwa idara ya kilimo, kitengo cha vipimo. Hamhitaji kuwa raia kwa hiyo.